Mahindi, chumvi na ayala: kuwinda kwa chambo huko Marekani, sheria inasema nini?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tisa mpaka mwezi wa kumi na mbili, video za aina moja zinaanza kuzunguka kwenye WhatsApp kutoka kwa wandugu wetu wanaoishi Marekani. Mtu amesimama porini na koti ya rangi ya chungwa, nyuma yake kuna pipa lenye miguu linalomwaga mahindi lenyewe kwa saa iliyopangwa, na chini amelala mnyama mwenye pembe kama matawi ya mti. Hapa nyumbani maswali yanakuwa mawili. Ile mahindi yote inamwagwa chini bure? Na leta ya kule inakubali?

Mnyama huyo kwetu hayuko. Kwa Kifaransa ni cerf, na wenye kusoma Biblia ya Kiswahili wanamujua kwa jina la ayala, katika Zaburi ya 42. Tunaye mboloko, tunaye kulungu, lakini hao ni wa ukoo mwingine: pembe zao hazianguki, wakati ayala dume anaangusha zake kila mwaka na kuotesha mpya. Anayewindwa zaidi kule ni yule mwenye mkia mweupe.

Kuhusu sheria, jibu la kwanza ni kwamba hakuna sheria moja. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo linapanga lenyewe uwindaji wa ayala. Kitu kinacholetea mtu permi na pongezi huku, ng'ambo ya mpaka kinamuletea prosè-verbali.

Texas inaruhusu chambo kwenye shamba la mtu binafsi, na yale mapipa ya mahindi yanauzwa dukani kama sisi tunavyouza jembe. Alabama nayo inaruhusu, ila tangu 2019 mwindaji analipa permi ya pekee ya chambo, juu ya ile ya kuwinda. Ohio inakubali kwenye ardhi ya mtu binafsi lakini si kwenye mapori ya leta. Iowa, ambako Wakongomani wengi wamehamia, inakataza kabisa. Illinois vilevile inakataza. Huko Wisconsin inategemea wilaya: pale inaporuhusiwa, kipimo ni galoni 2, karibu lita saba na nusu, kwa kila eka 40. Pennsylvania inakataza karibu kila mahali, na hata ukiondoa chambo chako, sherti siku 30 zipite mbele ya kuwinda pale.

Michigan ni mfano unaotugusa, sababu Grand Rapids ina familia nyingi zilizotoka Kivu. Mji huo uko katika rasi ya kusini ya jimbo, na huko chambo pamoja na kulisha ayala vilikatazwa tangu tarehe 31 mwezi wa kwanza 2019, isipokuwa nafasi ndogo kwa wawindaji wenye ulemavu. Wawindaji wengi hawakufurahi, na wabunge walishajaribu kuiondoa sheria hiyo.

Juu ya nini ukali huo? Watu wanafikiri ni huruma kwa mnyama, kwamba kumudanganya kwa chakula ni uonevu. Mabishano hayo yapo, lakini kilichosukuma majimbo mengi ni magonjwa.

Kuna ugonjwa wa kukondesha ayala, unaoitwa kwa kifupi CWD. Ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967. Mnyama anakonda, anatoa mate, anatembea kama mlevi, kisha anakufa. Dawa hakuna, chanjo hakuna. Unabebwa na protini iliyoharibika, inayotoka katika mate, mkojo na mavi, na inayoweza kubaki ndani ya udongo kwa miaka. Sasa fikiria lundo moja la mahindi: ayala kumi, ishirini, wanarudi pale kila jioni na kulamba sehemu ileile. Porini wangekula wametawanyika. Jiwe la chumvi ni hivyohivyo, sababu hata mvua ikiyeyusha chumvi, wanyama wanaendelea kula udongo wake. Ndiyo maana majimbo mengi yanahesabu chumvi kama chambo, hata kama mfuko umeandikwa tu kwamba ni madini ya kukuza pembe.

Michigan ina mzigo wa pili: kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho kaskazini-mashariki mwa rasi hiyo kimekaa ndani ya ayala wa pori tangu miaka ya 1990. Wafugaji wa Masisi na Minembwe hawahitaji kuelezwa maana yake.

Hajajulikana mtu yeyote aliyethibitishwa kuambukizwa CWD. Hata hivyo, wakubwa wa afya wa Marekani wanashauri nyama ya mnyama aliyepatikana na ugonjwa huo isiliwe, na kwamba anayewinda eneo lenye ugonjwa apimishe mnyama mbele ya kula. Kuipika sana hakusaidii, ile protini haiuliwi na moto wa jikoni.

Kuna mahali wengi wanachanganya: shamba si chambo. Mkulima akipanda mahindi au maharagwe na ayala akaingia kula, kumuwinda pale kunaruhusiwa karibu kila jimbo, na wengine wanapanda makusudi. Lakini ukivuna mahindi hayo, kisha ukayarudisha na kuyamwaga chini, hapo sheria inayaona kama chambo. Mimi naona mstari huo ni mwembamba sana, lakini ndio unaofuatwa kortini.

Kwa bata na njiwa wanaohama hakuna cha kuuliza jimbo gani. Sheria ya nchi nzima inakataza kuwawinda juu ya nafaka iliyomwagwa, na mahali panahesabika kuwa na chambo mpaka siku 10 zipite baada ya kuondoa yote.

Hapa Kongo, sheria ya uwindaji namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inaanza na permi, majira na wanyama waliolindwa. Mkataba wa Alger wa 1968, ambao nchi yetu imo, unakataza sumu, moto, baruti na kuwinda usiku. Kwa hiyo anayeweka sumu ndani ya ndizi hawezi kujitetea kwamba Texas wanamwaga mahindi.

Kwa ndugu aliye kule: kitabu cha kanuni cha jimbo kinatolewa bure kila mwaka, na sherti kuangaliwa upya kila msimu, sababu mnyama mmoja mgonjwa akipatikana, wilaya nzima inaweza kufungwa. Na kabla ya kuvuka jimbo na nyama kwa kutembelea shangazi, mtu aulize. Majimbo mengi hayaruhusu kichwa na uti wa mgongo kuingia kutoka eneo la CWD, na nyama iliyowindwa kinyume cha sheria ikivuka mpaka wa jimbo inakuwa kesi ya serikali kuu, chini ya sheria ya Lacey ya mwaka 1900.