Kompyuta iliyomaliza ujanja wa "frii"

Leo naacha kompyuta za mezani, nizungumzie ile iliyojificha ndani ya gari.

Bei ya mafuta ikipanda, kila dereva hugeuka mtaalamu. Ushauri ninaousikia zaidi, kwenye matatu na hata ofisini, ni huu: ukifika mteremkoni toa gia, weka frii, gari liteleze lenyewe. Mimi ni mwandishi wa programu, si makanika, lakini niliamua kuufuatilia ushauri huu hadi asili yake. Wazee hawakuwa wajinga. Zamani frii iliokoa petroli kweli. Kilichoibatilisha ni programu.

Tuanze na kabureta. Kabureta haina akili yoyote. Hewa inayovutwa na injini hupita mahali pembamba, mwendo wake unaongezeka, nayo inanyonya petroli. Sasa fikiria Peugeot 404 ikiteremka ikiwa ndani ya gia. Magurudumu yanaizungusha injini mbio, injini inavuta kwa nguvu, na petroli inaendelea kunyonywa hata kama mguu hauko kwenye kanyagio. Ukiweka frii, injini inapoa na kunguruma polepole, ikinywa kidogo tu. Kwa hiyo hesabu ya dereva wa 404 ilikuwa sahihi, ukiacha habari ya breki, ambayo nitaifikia.

Kampuni ya Bendix ya Marekani ilijaribu kuiondoa kabureta mwaka 1957 kwa mfumo wa umeme ulioitwa Electrojector. Ulisumbua sana, na hakimiliki zake zikaishia kwa Bosch wa Ujerumani. Mwaka 1967 Bosch wakatoa D-Jetronic ndani ya Volkswagen 1600, hasa kwa sababu ya sheria za moshi za California. Ndani yake mlikuwa na transista, lakini hapakuwa na programu hata mstari mmoja.

Halafu ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta, na pipa lililokuwa kama dola 3 likakaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Mwaka 1975 Marekani ikapitisha sheria kwamba kufikia 1985 magari madogo mapya yawe na wastani wa maili 27.5 kwa galoni, yaani karibu kilomita 11.7 kwa lita. Hapo kabureta ikawa na wakati mgumu. Mwaka 1979 BMW 732i ikatoka na Motronic, kompyuta ya kidijitali iliyosimamia petroli na cheche kwa pamoja.

Na hapa ndipo sisi watu wa programu tunapoingia. Mara petroli ilipokuwa chini ya kompyuta, mtu aliweza kuandika sharti jepesi kama hili:

kama mguu hauko kwenye kanyagio, na injini inazunguka zaidi ya kiwango fulani (tuseme mara 1,500 kwa dakika), basi petroli = 0

Sifuri kabisa! Nozeli zinafungwa, na mteremko ndio unaoizungusha injini. Ukiweka frii sharti hilo halitimii tena, kwa kuwa mizunguko imeshuka hadi 700 au 800, na kompyuta inalazimika kumwaga petroli ili injini isizime. Hesabu imegeuka juu chini. (Kwenye mteremko mdogo sana, ambapo gia ingelipunguza gari mwendo hadi ukanyage tena, frii bado inaweza kushinda kidogo. Lakini huko hakuna pesa ya kutajia mtu.)

Kinachoniuma ni malori. Injini ya dizeli haikuhitaji kompyuta kwa jambo hili. Pampu za Bosch, zilizoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1927, zina kidhibiti cha chuma kinachofunga dizeli pale lori linapoisukuma injini. Kwa hiyo dereva anayeshuka Salgaa kwa frii, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, anachoma dizeli ambayo gia ingemwokolea bure. Anachopata ni mwendo, na mzigo wote unaziangukia breki, zinapata moto, zinaacha kushika. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, karibu na hapo, watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi lori lile lilikuwa frii. Nasema hiyo ndiyo barabara ambayo ujanja huu unafanyiwa majaribio kila siku.

Ukitaka kujionea, magari mengi ya petroli yana tundu la OBD chini ya usukani; Marekani ililazimisha OBD-II kuanzia modeli za 1996. Chomeka kifaa cha kusoma, unganisha na simu, mwache mwenzako aendeshe na wewe tazama. Teremka kwanza ndani ya gia, bila kukanyaga. Kwenye gari linaloonyesha muda wa nozeli, utaona namba ikianguka. Ukiona haianguki, niandikie aina ya gari na mwaka wake, tulijadili.