Mchezo Uliofungiwa Kabatini: Kompyuta za XO katika Shule za Rwanda

Mwaka 2008 Rwanda ilijiunga na mradi wa One Laptop per Child, ulioanzishwa na Nicholas Negroponte wa MIT, Marekani. Lengo lilikuwa kila mtoto wa shule ya msingi awe na kompyuta yake. Katika miaka iliyofuata, zaidi ya kompyuta 200,000 za aina ya XO zilisambazwa nchini. Insha hii inadai kwamba historia ya kompyuta hizo ni historia ya walimu zaidi kuliko ya mashine.

Ndani ya XO mlikuwa na michezo ya kujifunzia sayansi. Mmoja uliitwa Physics. Mtoto alichora duara, likaanguka; akachora mteremko, duara likabiringika. Aliweza kukisia, kujaribu, kukosea na kurudia. Wazo hilo lilitokana na Seymour Papert, mmoja wa waliobuni lugha ya kompyuta ya Logo mwaka 1967, aliyeamini kwamba mtoto hujifunza vyema anapounda kitu mwenyewe.

Mimi ni wa kizazi hicho. Katika shule yetu hapa Kigali, XO zilikaa kabatini na tulizigusa mara chache. Siku moja nilichora mawe mawili, dogo na kubwa, nikayaachia kutoka kimo kimoja. Yalifika chini pamoja. Nilidhani kompyuta imeharibika. Nilipomwuliza mwalimu, aliniambia nizime, muda umekwisha.

Kwa miaka mingi nilimlaumu. Nilipoanza kusoma historia ya elimu nilibadili mawazo. Mwaka huohuo wa 2008, serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Mwalimu aliyezoea kueleza sayansi kwa Kifaransa alitakiwa kujifunza lugha mpya na chombo kipya kwa wakati mmoja, huku darasa limejaa. Swali langu lilimkuta hapo.

Wapo watakaosema kwamba mchezo mzuri haumhitaji mwalimu. Tuutazame basi mchezo wetu wa igisoro, wenye mashimo 32 na kete 64. Mtoto haachiwi ubao peke yake. Mkubwa huketi naye, humwacha akosee, kisha humwuliza kwa nini amecheza hivyo. Hesabu humwingia katika mazungumzo hayo. Physics nayo ilinionyesha jambo la ajabu kuhusu nguvu ya uvutano, lakini haikunieleza. Maelezo niliyapata sekondari, miaka kadhaa baadaye.

Mwakani nitaingia darasani nikiwa mwalimu, na huenda nikakabidhiwa kompyuta nyingine na michezo mingine. Kwa hiyo naomba tunapoandika historia ya teknolojia shuleni, tusiishie kuhesabu mashine zilizogawiwa. Tuhesabu pia saa za mafunzo walizopewa walimu kabla makabati hayajafunguliwa.