Kutoka zebaki mpaka objeti ya ukurasa

Wenzangu, kwetu watu wa agro, seleniamu ni neno la udongo na chakula. Watafiti waliofika Karawa, kule Ubangi, walikuta watu wanakosa iyodi na seleniamu kwa pamoja, wakaandika sana juu ya namna ukosefu ule unaharibu tezi ya shingo. Lakini ukitafuta kazi katika enformatike, utaulizwa juu ya Selenium ingine. Ile nayo iko na historia yake, na wengi wanaruka sehemu yenye faida.

Mwaka 2004, huko Chicago, Jason Huggins alikuwa mfanyakazi wa ThoughtWorks. Kampuni ilikuwa na programu ya ndani ya kuandika saa za kazi na matumizi ya pesa. Kila mara wakigeuza kitu, mtu alipaswa kufungua kivinjari, kujaza, kubofya, kuanza tena. Huggins akaandika kwa JavaScript chombo cha kufanya kazi ile pekee yake. Jina lilitoka kwa mzaha: kampuni kubwa iliyouza vyombo vya testi wakati ule iliitwa Mercury Interactive. Mercury njo zebaki, ile ile wachimba dhahabu wetu wanachanganya na mchanga, na inasemwa seleniamu inapunguza sumu yake.

Shida ilikuja nyuma. Fikiri site ya kujiandikisha inivesite, iko na testi 80, na kila moja inaanza kwa kuingia na jina na neno la siri. Kila moja inatafuta butoni kwa kitambulisho chake, tuseme «ingia». Siku moja mtu wa dizaini anaandika «anza» pahali pa «ingia». Testi zote 80 zinaanguka, na programu haina kosa hata moja! Mara ya kwanza utatengeneza zote. Mara ya tatu chefu atasema zima hizi vitu, tutaangalia kwa macho. Hivi njo testi mingi zinakufa, na kijana aliyeajiriwa juu yao anabaki bila kazi ya kuonyesha.

Dawa ilikuwa tayari imeandikwa. Mwaka 1972 David Parnas alieleza kwamba kila sehemu ya programu ifiche uamuzi mmoja unaoweza kugeuka kesho. Mwaka 2004 Martin Fowler akapeleka wazo la namna ile kwa madirisha ya ordinateri. Watu wa Selenium wakalileta kwa kurasa za wavuti, jina likawa objeti ya ukurasa, na Fowler mwenyewe akaandika upya chini ya jina lile jipya mwaka 2013. Katikati hapo, WebDriver ya Simon Stewart iliungana na Selenium, wakatoa Selenium 2 mwaka 2011.

Kazi yake ni hii. Klasi moja tu, tuiite UkurasaWaKuingia, inajua sanduku ziko wapi na butoni inaitwa namna gani. Testi yenyewe inasema tu: ingia kwa jina hili, na inarudishiwa ukurasa unaofuata. «Ingia» ikigeuka «anza», unasahihisha mstari mmoja, zile 80 zinapona.

Jina lenyewe linadanganya kidogo. Wanaoanza wanatengeneza klasi moja kwa kila ukurasa mzima, inafika mistari elfu, hakuna anayetaka kuigusa. Menyu inayoonekana pote iwe na objeti yake. Orodha ya wanafunzi pia.

Kuna ubishi juu ya pahali pa kuweka hukumu, ni kusema «matokeo ni sawa ao si sawa». Wengine wanaiweka ndani ya objeti ili wasirudie maneno. Fowler anapendelea ibaki nje, na mimi niko upande wake: objeti inayohukumu inaanza kujua mambo ya kila testi, na umerudi pale pale.

Kwa konekshoni yetu naongeza hili: usiandike «ngoja sekunde 5» kila pahali. Siku rezo iko nzito 5 haitoshi, siku iko nzuri unapoteza muda. Agiza objeti ingoje mpaka butoni ionekane, na uiandike ndani yake mara moja tu. Selenium ni ya bure, na site ikiwa ndani ya ordinateri yako, unaweza kujizoeza hata bila mega.