Nani Aliyenoa? Wembe wa Kukunja na Historia ya Kujinyoa

Waswahili husema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hii ina maana yake tunayoijua sote, lakini mimi nataka kuichukua kama ilivyo, kwa sababu katika miji ya Ulaya ilikuwa kweli tupu kwa karne nyingi. Mwanamume mwenye uwezo hakujinyoa. Alikwenda kwa kinyozi, au kinyozi alimfuata nyumbani, na siku za katikati alikaa na vishina vyake vya ndevu. Vitabu vingi vikifika hapa hurukia Marekani mwaka 1903, kwa King C. Gillette na wembe wake wa kutupa, kana kwamba kati ya kinyozi na Gillette hapakuwa na mtu. Hoja yangu ni kwamba palikuwa na watu wengi, na kwamba kilichowasumbua sana hakikuwa woga wa kujikata. Ilikuwa kazi ya kunoa.

Chukua mfano wa Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la wanamaji wa Uingereza, ambaye shajara yake inajulikana na kila mwanafunzi wa historia ya London. Mei 1662 alikuwa akijisugua ndevu kwa jiwe lile jepesi la volkano ambalo kwetu husugulia visigino. Januari 1664 akaanza kutumia wembe mwenyewe, akaandika kwa furaha kwamba anaokoa fedha na wakati. Nani aliyemnolea wembe huo, hapo hasemi.

Anayesema ni Jean-Jacques Perret, fundi mkuu wa visu wa Paris. Mwaka 1769 alichapisha kitabu alichokiita La Pogonotomie, yaani sanaa ya kukata ndevu. Sisi wa Bujumbura tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunaweza kukisoma bila mkalimani, na hiyo ni faida moja ya historia ambayo vinginevyo haina faida nyingi. Jina lake kamili ni refu kuliko utangulizi wa vitabu vingine, na ndani yake mna hoja yangu yote. Perret anaahidi kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe, halafu papo hapo anaahidi kumwonyesha jinsi ya kutambua kila aina ya mawe ya kunolea, jinsi ya kuandaa ngozi za kupigia wembe, na jinsi ya kutengeneza nyembe nzuri. Mwishoni anaongeza neno muhimu kuhusu kutoa damu. Msomaji wa leo atashangaa kukuta jambo la hospitali katika kitabu cha ndevu, lakini vinyozi ndio waliokuwa wakitoa damu za wagonjwa. London, vinyozi na wapasuaji walikuwa katika chama kimoja mpaka mwaka 1745.

Perret pia alibuni kinga ya mbao ya kuzungushia wembe ili makali yatokeze kidogo tu, kwa mfano wa randa ya seremala. Wanahistoria wengi humkumbuka kwa kinga hiyo, kwa sababu inafanana na wembe wa Gillette, na sisi hupenda kumwona babu pale tulipokwisha kumwona mjukuu. Mimi naona mawe na ngozi ni muhimu zaidi. Kinga inamzuia mtu asijikate, lakini haimsaidii lolote asubuhi wembe unapokataa kukata.

Hapa inafaa nieleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa hoja haisimami. Kuna mzee mmoja kinyozi wa Buyenzi aliyeniruhusu kushika wembe wake wa kukunja na kinoo chake. Kwanza aliniamkua, akaniuliza nasoma nini, nilipomjibu akacheka: “Mwanangu, wembe nao unasomewa chuo kikuu?” Kisha akanionyesha. Wembe unalazwa bapa juu ya kinoo kilicholowa, makali na mgongo vyote vikigusa jiwe. Mgongo ndio unaopanga pembe, kwa hiyo mkono haubuni chochote. Unasukuma makali yakitangulia, ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo, unarudi. “Usibonyeze,” alisema mara tatu au nne, “uzito wake unatosha.” Kwenye ukanda wa ngozi mambo hugeuka: mgongo ndio unaotangulia, kwani makali yakitangulia yataikata ngozi. Kinoo hula chuma. Ukanda kazi yake ni kunyoosha na kulainisha makali yaliyokwisha kunolewa, na hupigwa kila siku kabla ya kunyoa, wakati kinoo husubiri majuma hata miezi. Anayeanza akielewa tofauti hiyo amekwisha kuvuka nusu ya safari. Iliyobaki ni maji ya moto, povu la sabuni, ngozi ya shavu iliyovutwa vizuri, na kufuata ndevu zinakoelekea. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: methali hii nayo ni maelekezo halisi, maana unywele uliolowa hukatika kwa urahisi zaidi.

Kinoo chenyewe hakikutoka popote tu. Jiwe lililosifiwa sana kwa nyembe ni la manjano, huitwa coticule, na huchimbwa karibu na Vielsalm katika Ardennes, huko Ubelgiji, nchi iliyotutawala hadi 1962. Ndani yake mna garneti ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ngumu kuliko chuma, zinazokwangua kidogo kidogo bila kuchimba.

Lakini kabla wembe haujafika kwenye kinoo cha mnunuzi, kuna mtu aliyekwisha kuunoa kwa mapafu yake. Sheffield, Uingereza, ndiyo iliyokuwa mji mkuu wa nyembe. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, fundi saa, aligundua namna ya kuyeyusha chuma cha pua katika vyungu vya udongo hadi kiwe cha aina moja mwilini mwake mwote. Inasimuliwa kwamba mafundi wa Sheffield walikikataa kwa ugumu wake, akawauzia Wafaransa. Baadaye walikikubali, na biashara ikakua. Waliosaga nyembe waliinama siku nzima juu ya gurudumu la jiwe, wakivuta vumbi la mchanga na chuma. Mwaka 1830 daktari wa mji huo, Arnold Knight, aliandika kuhusu ugonjwa wao. Waliosaga uma kwa jiwe kavu walikufa wakiwa na miaka 28 hadi 32. Wasagaji wa nyembe, waliotumia jiwe kavu na la maji kwa zamu, walifika miaka 40 hadi 45. Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi, na bado kila nikiona picha ya wembe wa Sheffield katika sanduku lake la mahameli nakumbuka umri huo kwanza. Bwana aliyejinyoa kwake kwa uhuru hakuwa ameondoa utumishi. Alikuwa ameuhamishia mbali na macho yake.

Gillette aliliona pengo hilo upande wa mnunuzi. Tangazo lake halikuahidi kwanza ndevu laini, liliahidi kwamba hakuna kupiga ukanda wala kunoa. Mwaka 1903 aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani ilikuwa imeagiza vishikio milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake, pamoja na nyembe zaidi ya milioni 30. Vijana hao walirudi kwao wakiwa wamezoea kununua makali mapya.

Wapo wenzangu darasani wanaolilia wembe wa babu, wakiona wa kutupa ni hasara na uchafu. Siwakatalii kuhusu uchafu. Ila kizazi cha wazazi wetu kilifundishwa kutochangia nyembe kwa sababu ya UKIMWI, na wembe wa bei ndogo ndio uliofanya jambo hilo liwezekane kwa maskini. Mzee wa Buyenzi huvunja wembe mpya vipande viwili mbele ya macho ya mteja kabla ya kuanza. Ule wa kukunja ameubakiza kwa ndevu zake mwenyewe, na kinoo chake hakiazimwi.