Zamani "interligne" ilishikwa kwa mkono

Ba ndugu wanafunzi na balisansye, ukipanga karatasi ya matangazo ku kompyuta hapa Kalemie, utakutana na neno "interligne". Njo nafasi kati ya mistari. Zamani ilikuwa kipande cha madini ya risasi. Na "casse" ilikuwa sanduku la herufi: zile ndogo zilikaa chini, ndiyo maana ya "bas de casse".

Kiswahili nacho kilipita mule. Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 na misheni ya Kianglikana, na pale vijana waliotolewa utumwani walijifunza kupanga herufi moja moja, kinyumenyume. Mpangaji njo aliamua neno likatwe wapi mwisho wa mstari.

Leo programu inaamua yenyewe. Ikibaki katika Kifaransa, inaweza kukata "kupan-dikiza", na silabi yetu ni "kupa-ndikiza". Mkulima anayesoma polepole, silabi kwa silabi, anakwama palepale, na shauri la miche linampita.

Basi, ondoeni ile "césure", mistari ianzie kushoto, halafu someni kwa sauti mbele ya kuchapa. Kazi ya wale vijana wa Zanzibar sasa ni yetu.