Mizimu na Roketi katika Riwaya ya Kiswahili

Mwaka 1951 Shaaban Robert aliwapa wasomaji nchi isiyokanyaga ardhi. Kusadikika inaelea angani, lakini ina mfalme, mawaziri, baraza na mshtakiwa: Karama, aliyethubutu kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Akijitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, kisha mbinguni na ardhini, ambao walirudi na maarifa ya kuifaa nchi yao wakaishia kuadhibiwa. Hakuna mtambo unaoishikilia nchi hiyo hewani, wala mwandishi hahangaiki kuutafuta. Hata hivyo, swali ambalo bunilizi za sayansi huliuliza kila mara limo humo tayari: jamii itafanya nini ikiletewa ujuzi mpya?

Udongo ulikuwa na rutuba. Hadithi za majini zilisimuliwa pwani tangu enzi za mababu, na Alfu Lela u Lela pamoja na Safari za Gulliver zilikwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili kabla ya Vita Kuu ya Pili. Shaaban Robert mwenyewe alichota humo alipoandika Adili na Nduguze (1952), kisa cha ndugu waliogeuzwa manyani. Msomaji wa Kiswahili hakuhitaji kubembelezwa akubali maajabu.

Sayansi ilikuja baadaye, ikapitia mlango wa siasa.

Katama Mkangi, mwanasosiolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitiwa kizuizini mwaka 1986, wakati serikali ya Rais Moi wa Kenya ikiwaandama wahadhiri na waandishi. Mwaka 1995 alichapisha Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kutiwa ndani ya chombo cha angani. Chombo hicho kinamfikisha Walenisi, nchi ya watu walio sawa, wasio na mabwana wala watwana. Humo roketi na nchi ya ndoto vinategemeana: pasipo teknolojia ya watawala Dzombo asingeondoka, na pasipo ndoto asingekuwa na pa kutua.

Euphrase Kezilahabi alishika njia nyingine. Aliyeandika Rosa Mistika (1971) kwa uhalisia mkavu aliuvunja uhalisia huo katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi ambamo msimulizi anapita miji ya ajabu, anakutana na wanafikra waliokwisha kufa, na dunia inaangamia. Hofu ya maangamizi, iliyotanda duniani kote tangu bomu la atomiki, imekaa pamoja na visasili vya uumbaji bila kutengwa.

Waliofuata walipanua uwanja. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamtoa babu kaburini ili amwonyeshe mjukuu wake, kigogo wa serikali, jinsi nchi ilivyooza. Mwaka uliofuata, Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! alimzungusha msimulizi wake mabara kadhaa, Hiroshima ikiwa mojawapo ya vituo, akimsaka anayeitwa P.P. Mzimu wa babu unahoji uhuru uliopatikana. Safari ya Bina-Adamu! inahoji utandawazi na silaha zake.

Mkondo huo ulifika hata kwenye filamu. Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, Mkenya, inawaweka watu chini ya paa baada ya vita vya kugombea maji. Kila tone la jasho linasafishwa linywewe tena, na ndoto hutulizwa kwa vidonge. Lakini ni ndoto, si kipimo cha maabara, inayomsukuma Asha atoke nje na mbegu yake kwenda kutafuta mahali pa kuipanda.

Wahakiki wamezipa riwaya hizi majina mengi: za kimajaribio, za kifalsafa, za uhalisia wa kimazingaombwe. Ni nadra kuzikuta zimepangwa pamoja kama bunilizi ya sayansi na fantasia, na hapo ndipo historia hii inapopunjwa. Kijana wa Dodoma au Mombasa anayeota kuandika habari za sayari na mizimu hana haja ya kuomba ruhusa ng'ambo. Wakongwe wake wameifanya kazi hiyo kwa nusu karne na zaidi, na waliifanya ili kuwasemesha watawala waliokuwa hatari kusemeshwa waziwazi.