Chalbi: Jangwa lililokuwa ziwa

MSAFIRI atokaye mjini Marsabit kuelekea North Horr huteremka mlima wenye msitu na ukungu, akapita nyanda za mawe meusi ya volkano, kisha akajikuta katika uwanda mweupe usio na mti wala kichaka. Hilo ndilo Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana.

Weupe huo ni chumvi. Yapata miaka 10,000 iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi Afrika Mashariki, hapa palikuwa na ziwa. Maji yalikauka, chumvi ikabaki. Siku hizi mvua ya mwaka wa kawaida haifikii milimita 200, na jua lingeweza kukausha maradufu ya kiasi hicho mara kadhaa.

Upepo nao huvuma kutoka kusini-mashariki karibu mwaka mzima, ukibanwa kati ya milima ya Kenya na ile ya Ethiopia mithili ya maji mferejini. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, iliyoanza kulisha gridi ya taifa mwaka 2018.

Ajabu ni kwamba mvua pia huogopwa. Mafuriko ya milimani huishia hapa, kwa kuwa hakuna mto wa kuyatoa. Uwanda hugeuka ziwa tena, na hata yakipungua, juu huwa ukoko mkavu na chini tope la kumeza magurudumu ya lori. Lakini mvua ikikosa ndio msiba mkubwa zaidi. Misimu mitano mfululizo iliyofeli, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, iliangamiza mifugo zaidi ya milioni 2 nchini. Wagabra, wafugaji wa ngamia, hutegemea chemchemi kama ile ya Kalacha, ambako maji yaliyopenya katika mawe ya volkano huibuka ukingoni mwa jangwa, penye mikoma.

Usiku, palipo mbali na taa za miji, nyota hujaa hadi upeoni. Kwa kuwa Chalbi iko takriban digrii 3 kaskazini mwa Ikweta, Msalaba wa Kusini huonekana vyema jioni za Mei, huku Nyota ya Kaskazini ikigusa upeo wa upande wa pili, vumbi likiruhusu. Majirani Waborana wana wajuzi waitwao ayyantu, wanaohesabu siku kwa kulinganisha mwezi na nyota, Kilimia kikiwemo. Asmarom Legesse aliieleza kalenda hiyo katika kitabu chake, Gada, cha 1973. Waswahili walikipa Kilimia jina hilo kutokana na kulima, kazi isiyowezekana Chalbi.